Linah Jepkemei na Nyimbo Nne za Lanet

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gedion, kakake marehemu, na familia imeniomba niwasomee safari ya dada yetu Linah Jepkemei, aliyezaliwa Ndabibi tarehe 14 Aprili 1988, mtoto wa pili wa Mzee Jonah Kiptum na Mama Jeruto.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ndabibi, akamaliza sekondari mjini Nakuru mwaka wa 2006, akaajiriwa katika duka la hadiwea, na huko ndiko alikokutana na Kihara, aliyeingia kununua nyaya za spika akatoka amepata mwimbaji wa bendi yake ya roki. Walifunga ndoa kanisani Lanet tarehe 8 Desemba 2012, wakajaliwa binti, Wamuyu, mwaka wa 2014.

Mwaka wa 2016, katika nyumba ya kupanga pale Lanet, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, walirekodi EP yao, albamu fupi ya nyimbo nne tu, na wengi wenu mnaijua, maana Juni 2017 ilishika nambari moja kwenye chati ya roki redioni ikakaa hapo wiki baada ya wiki.

Ilipofika nambari moja, Linah alikuwa wodini. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza mapema mwaka huo, ikapatikana saratani ya koo, daktari akasema upasuaji ungemwokoa lakini hangeimba tena, na Kihara alipomsihi wangoje kwanza ziara ya bendi iishe, Linah alimjibu, "Baba Wamuyu, redio itapata mwimbaji mwingine. Huyu mtoto atatoa wapi mama mwingine? Wacha wakate." Alipasuliwa tarehe 9 Juni, na siku wimbo wake ulipopigwa pale wodini, wagonjwa waliimba pamoja nao bila kujua ni wake, naye akageukia ukuta.

Tangu hapo alizungumza kwa kunong'ona, Kihara akakataa kutafuta mwimbaji mwingine, bendi ikaisha, na Linah akawa akifundisha watoto wa kanisa gitaa kule Kamere, hadi saratani iliporudi mwaka jana. Alituacha tarehe 3 Februari 2026, Kihara akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lanet, waumini wa Kamere, na Makokha, mpiga ngoma wa bendi, ambaye hajaondoka kwa Kihara tangu msiba uingie.

Kihara mwenyewe hajalia, akipewa chakula anakula, akionyeshwa kiti anakaa. Tulipomuuliza tupige wimbo upi leo, alisema, "Msipige. Hiyo sauti kila mtu ako nayo. Ile ya kunong'ona, ya nyumbani, hakuna mtu alirekodi."

Kwa hivyo hatutapiga wimbo. Pumzika, Mama Wamuyu, kwa amani.