Baba Yetu, Dereva wa Greda wa Barabara Namba Saba

Ndugu, jamaa na majirani, kabla jeneza halijanyanyuliwa tunaomba mtusikilize kidogo. Wengi wenu mmehamia huku miaka ya karibuni na mzee wetu mlimjua kwa jina moja tu, Greda. Wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Tutaeleza maisha yake kwa kutaja mahali kama palivyo leo, maana palivyokuwa zamani hapapo tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya udongo iliyosimama pale penye ghala la saruji, mkono wa kushoto ukitoka stendi. Shamba la babu lilianzia hapo likateremka hadi kisimani. Ukisimama mlangoni jioni, mji uliuona mbali, moshi tu. Babu alikuwa akisema, "Mji ule hauwezi kufika huku, hauna miguu." Baba alitusimulia maneno hayo mara nyingi, na kila mara alicheka, isipokuwa miaka ya mwisho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Hesabu alizipenda, lakini babu alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akasoma kaka yake. Baba hakununa. Aliingia gereji kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1973 akapata leseni ya mitambo mikubwa.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa na halmashauri yetu. Wakati huo halmashauri ilikuwa vyumba viwili na greda moja. Greda ile alikabidhiwa yeye, na ilipochakaa akakabidhiwa nyingine, mpaka alipostaafu mwaka 2012. Barabara nyingi mlizopita kuja hapa leo alizifungua yeye. Alipenda kitu kilichonyooka. Hata shuka ikiwa na mkunjo, hakukilalia kitanda. Kazi yake ilikuwa na utaratibu wake: wapimaji hutangulia na kupigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, dereva huja nyuma yao. Dereva haulizi barabara inakwenda wapi, anatazama kigingi cha mbele. "Ukianza kutazama pembeni," alituambia, "mstari unapinda, na watu watakusema mpaka wajukuu."

Mama yetu alimpata kazini. Baba alikuwa akisawazisha barabara mbele ya nyumba ya wakwe zake wa baadaye, vumbi likatua lote kwenye nguo zilizokuwa zimeanikwa. Mama akatoka na beseni, akasimama mbele ya mtambo.

"We dereva! Hizi nguo utazifua wewe?"

Baba akazima injini, akashuka, akakunja mikono ya shati, akafua. Mama alisema alifua vibaya, lakini kamba aliifunga ikanyooka kabisa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Desemba 1978.

Mtoto wao wa kwanza, dada yetu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1980. Mungu alimchukua kwa homa Januari iliyofuata, hata kutembea alikuwa hajaanza. Babu na baba walichimba kaburi wenyewe, kwenye mteremko ulioko chini ya nyumba, njiani kwenda kisimani. Hawakuweka saruji. Mama alipanda vichaka viwili vya maua, kimoja kichwani na kimoja miguuni, na jioni baba akitoka kazini alishuka kwa miguu kutoka nyumbani akaketi hapo kidogo. Sisi tulizaliwa baadaye, tukakuta vichaka vimeshakuwa virefu.

Mwaka 1998 mji ulifika. Halmashauri ilitwaa mashamba ya upande huu, ikayakata viwanja, nasi tukapewa hiki tulichokaa. Makaburi ya babu na bibi yalihamishiwa kwenye makaburi mapya ng'ambo ya bonde. Baba alipoulizwa kuhusu mtoto, alikwenda kwa afisa wa mipango miji akaonyeshwa ramani. Mahali pale palikuwa pameachwa wazi, kiwanja cha nyasi na miti. Alirudi akamwambia mama, "Tumwache. Watoto wenzake watakuwa wanacheza juu yake." Mama aliona ni vizuri. Hatumlaumu yeyote. Watu walikuja wengi kuliko ramani ilivyotarajia, ramani ikachorwa upya, kiwanja cha nyasi kikawa nyumba na barabara. Barabara yenyewe haikuwa na jina, iliitwa Namba Saba tu.

Agosti mwaka 2003 baba alitumwa kuifungua Namba Saba. Kaburi la mwanawe siku zote alilifikia kwa miguu, akitokea nyumbani. Safari hii alitokea upande wa pili, barabara kuu, amekaa juu kwenye mtambo. Vichaka vyote vilikuwa vimefyekwa na kuchomwa, kuta zimeshapanda kushoto na kulia. Akatazama kigingi cha mbele. Alikwangua mwinuko, akaushusha udongo wake kujaza bonde, kwenda na kurudi, asubuhi nzima. Kisha akainua macho akaona kisima cha babu kiko mbele yake, na kaburi lilikuwa kabla ya kisima.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Injini aliiacha inanguruma. Mama alikuwa jikoni.

"Nimempitia," alisema.

"Umempitia nani?"

"Nimeona kisima kiko mbele. Mama watoto, kisima kilikuwa mbele yangu."

Mama aliacha jiko likiwaka. Walikwenda na mchungaji na mafundi wenzake wa halmashauri, wakachimba sehemu tatu, mwisho wakatumia mikono. Hawakupata kitu. Mafundi walitaka kuendelea, ni baba aliyewaambia waache. Alijua udongo wa pale ameupeleka wapi. Ameutandaza toka mwinukoni mpaka kisimani, akaushindilia, akaunyoosha vizuri kama kawaida yake.

Tangu siku ile hakukanyaga tena Namba Saba. Kanisani alikwenda kwa kuzunguka bondeni, masika na kiangazi. Lami ilipowekwa, watu wote walishangilia, yeye alijifungia chumbani akisali. Alituambia kwamba gari zito likipita anasikia kitu chini ya nyayo zake, popote alipo, hata akiwa amekaa hapa barazani. Tulimwombea. Mchungaji alimwombea. Mama alimwambia mtoto yuko kwa Mungu, hayuko barabarani, naye akajibu, "Najua aliko. Sijui nilikomweka."

Baada ya kustaafu alisimama kila asubuhi pale barabara inapoanza, kando, juu ya nyasi, akiwapungia mkono madereva.

"Punguza mwendo, kuna mtoto."

"Yuko wapi, mzee? Mbona simwoni?"

"Hata mimi simwoni. Wewe punguza tu."

Vijana wa pikipiki walimtania. "Greda, mtoto wako huyu mbona hakui?"

"Hakui," alijibu, bila kukasirika.

Ndiyo sababu kituo cha basi cha pale kinaitwa Kwa Mtoto. Wageni hudhani kuna shule.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Madaktari walisema ni vumbi la miaka mingi. Alilazwa mara kadhaa, na kila mara ilibidi gari la wagonjwa limfuate upande wa bondeni. Jumatatu tarehe 11 Septemba 2023, mchana, alituita sote karibu na kitanda. Tulidhani atazungumzia nyumba. Alisema, "Mkinipeleka, msinipitishe juu yake tena." Tulimwahidi. Akafumba macho, na kabla ya jioni Bwana akamchukua, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Tulimwahidi bila kufikiri. Makaburi yako mwisho wa Namba Saba, na njia ya bondeni ilizibwa mwaka jana kwa ukuta wa maghala. Upande wetu nyumba zimegusana mgongo kwa mgongo hadi makaburini. Diwani wetu, tunamshukuru kwa kufika, alizunguka na kaka yetu mkubwa siku nzima kutafuta upenyo. Alirudi akasema kwa upole, "Mzee wenu nilimpenda, lakini jeneza haliwezi kuruka."

Mama akasema, "Basi tutakaa naye hapa mpaka nyumba zihame."

Jirani yetu fundi ujenzi alikuwa amekuja kutoa pole. Aliuliza kuna nini, naye alikuwa hajui habari ya Namba Saba, kama wengi wenu. Mama akamweleza. Fundi akasema, "Ukuta wa nyuma niliujenga mwenyewe, mama. Nitaujenga tena." Alhamisi tukasikia nyundo yake. Ijumaa tulisikia nyundo nyingine zaidi ya hiyo, zikienda mbali, kiwanja hadi kiwanja.

Kwa hiyo leo hatutapanda magari. Tutatokea nyuma ya jiko letu, tupite kwa fundi ujenzi, kwa mama muuza mkaa, kwa mwalimu mstaafu, kwa wale vijana wa pikipiki waliopanga vyumba vinne, na wengine wote waliofungua kuta, hadi makaburini, bila kugusa lami. Mahali pengine ni pembamba, wabebaji wapite wawili wawili. Tafadhali msikanyage bustani za watu.

Marehemu ametanguliwa na binti yake wa kwanza. Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, na dada yake mdogo aliyebaki peke yake katika wale watano.

Ee Mungu wetu, unayejua kila punje ya udongo ilipo, uwapumzishe kwa amani, baba na mwanawe.