Ini Lisilo na Mwenyewe

Benchi la kahawa liliegemea ukuta wa gereji, na asubuhi hiyo domo lilianza kabla birika halijachemka. Alikuwapo Fundi Rangi, anayepiga magari rangi. Profesa, mshona viatu asiyeshindwa na swali. Na Mama Birika mwenyewe, muuza kahawa. Fundi Rangi alifura kwa hasira. Mwezi uliopita mafundi wote walipimwa damu hospitali. Leo kaambiwa kompyuta, iliyofundishwa kwa vipimo vya maelfu ya watu walioumizwa na sumu za kazini, imeona ini lake linaanza kuharibika.

— Ini gani? Nakula vizuri, nalala fofofo!

— Huo mchezo, — akasema Profesa. — Kompyuta imefundishwa kwa wagonjwa, basi kila mtu kwake mgonjwa. Jiulize, nani anauza dawa za ini?

— Dawa tu? — Mama Birika akadakia. — Wanayataka maini yenyewe! Likishaandikwa bovu, nani atauliza limekwenda wapi?

— Ushindwe! — Fundi Rangi akajishika ubavu.

— Ini liko upande wa pili, bwana, — Profesa akamsahihisha.

Fundi Rangi akahamisha mkono, kisha akacheka kichinichini; ile hasira ilikuwa mchezo.

— Niwape siri? Ile damu si yangu. Mimi na sindano hatuelewani. Nilimtuma shemeji, mdogo wake mke wangu, akaitika jina langu. Mtu mzima, hanywi pombe, hajagusa rangi hata siku moja!

Weee! Benchi zima likalipuka.

— Kompyuta imeumbuka! — Profesa akapiga paja. — Nilisema mimi!

Pembeni alikaa dereva mmoja, mgeni, akisubiri gari lake likauke rangi.

— Samahani wakubwa, — akasema. — Huyo shemeji analala wapi?

Kicheko kikamkauka Fundi Rangi mdomoni. Tangu shemeji aje mjini, yeye mwenyewe ndiye aliyemlaza stoo ya gereji, katikati ya makopo ya rangi na thina ya kuyeyushia rangi, yenye mvuke mkali, akamwamuru afunge dirisha kwa ajili ya wezi. Juzi alipolalamika kichefuchefu, alimwita mvivu. Na leo, saa tatu hii, hajatoka.

— Fundi, si umeulizwa? — Mama Birika akasema.

Fundi Rangi alikuwa ameshaufikia mlango wa stoo, anaugonga kwa viganja vyote viwili.