Picha ya Tatu ya Mlima Wailan

Marehemu Deitje Lumintang alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Kayuwale, chini ya Mlima Wailan, binti wa kwanza wa Jantje na Hermina. Alianza masomo katika shule ya kanisa hapa kijijini na kuhitimu jiolojia Bandung mwaka 1985.

Mwaka uliofuata aliajiriwa Manado kuchunguza volkano. Miaka ya mwisho aliupima mlima wetu kwa setelaiti ya rada, ambayo hupita kila baada ya siku kumi na mbili na kuonyesha ardhi imeinuka kiasi gani.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Welly Tumbelaka, mkulima wa karafuu, aliyefariki 2009.

Julai 2017 picha moja ya rada ilionyesha mlima umevimba, kama unaotaka kulipuka. Marehemu alituhamisha sote katikati ya mavuno. Kumbe ulikuwa unyevu wa angani, uliochelewesha mawimbi ya rada. Karafuu hazikuchumwa kwa wakati, zikachanua mitini na kuharibika. Alisimama kanisani akaomba radhi, na tangu hapo hakutoa onyo bila picha tatu mfululizo.

Jirani yake, Frans Rumengan, hakuacha kumtania.

"Dada Deitje, mlima umepanda ngapi leo? Nirefushe ngazi ya karafuu?"

"Refusha tu, Frans. Siku ya kukimbia utaiacha."

Marehemu alicheka, lakini nyumbani kwake viatu vya kila mtu vilipangwa mlangoni, ncha zikielekea nje, tayari kwa kukimbia.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Picha ya tarehe 20 Mei ilionyesha mlima umeinuka sentimita nne. Ya tarehe 1 Juni, tisa. Akipumua kwa mashine, alimwambia binti yake: "Nikisema nikakosea tena, hawatanisikia kamwe. Na nikinyamaza, Silvana?"

Alifariki Jumanne, 11 Juni 2019, akiisubiri ya tatu. Aliomba azikwe hapa, kando ya mumewe.

Ameacha watoto wawili, Silvana na Meykel, wajukuu watatu, na mdogo wake Altje.

Picha ya tatu ilipigwa jana. Wenzake wameikagua mara mbili, na unyevu wameupima. Ni sentimita kumi na saba. Amri ya kuhama imetolewa leo asubuhi.

Ibada ya Jumapili baada ya maziko itafanyika Tondano, tunakohamia. Magari yako barabarani, yameshageuzwa kuelekea nje ya kijiji. Frans ataendesha lori la kwanza, ngazi ameiacha.

Yeye apumzike hapa kwa amani. Sisi tusikae.