Mkoba wa Mama Mkwe

Ndani ya basi, fundi viatu alikaa nyuma ya wanawake wawili akijing'ata ulimi asiwaingilie. Yule wa dirishani alipakata mkoba wa ngozi wa mama mkwe wake, mkoba uliomzidi umri yeye mwenyewe. Alipewa akaushonee mkanda tu, lakini akaona amfurahishe mzee kwa kuusafisha wote.

“Nimeupaka mafuta ya nazi mpaka ukashiba.”

“Ya nazi? Utaota ukungu, dada! Dawa ni rangi ya viatu.”

Fundi akakohoa kwa uchungu. Rangi ya viatu, halafu mtu auweke kwapani na gauni jeupe!

“Kazi ilikuwa ndani,” wa dirishani akajigamba. “Siku tatu za magadi na jua, ndipo harufu ya tumbaku ikatoka.”

“Kumbe mama mkwe anavuta?”

“Hata! Ni marehemu baba mkwe, alikuwa anaficha kiko chake humo.”

Jirani yake akaugeukia mkoba. Fundi naye akasahau habari za mafuta.

Basi likasimama. Kituoni bibi mmoja aliyekuwa akimngoja mkwewe akaupokea mkoba bila hata kuutazama. Akaufungua, akafumba macho, akaingiza pua.