Msimu Mmoja kwa Kepteni Jebet

Mgeni rasmi, Bi Stacy Nekesa, Mwenyekiti wa Kamati ya Ligi ya Ijumaa ya mchezo wa kalingi;
Viongozi wa jumuiya zetu za Watanzania na Wakenya;
Wachezaji wenzetu wa timu zote;
Ndugu waalikwa,

Sisi kinamama kumi na mmoja wa timu ya Sakitu tunakusalimu kwa salamu zetu zote mbili, ya msikitini na ya kanisani, maana humu tumo wa huku na wa huko. Karibu mtaani kwetu Abu Hamour, hapa Doha. Tunajua una kazi nyingi na kwamba kwa joto hili la Agosti hakuna anayetoka nyumbani bila sababu. Umetoka. Tunashukuru.

Mimi ninayesoma ni Hidaya Mzee, katibu. Maneno ni ya wote.

TULIKOANZIA

Mgeni rasmi, wapo wageni humu ambao hawajawahi kuuona mchezo wetu, kwa hiyo utuwie radhi tuueleze kidogo. Jiwe la kilo karibu ishirini, lililong'arishwa na kutiwa mpini, linasukumwa taratibu juu ya barafu kuelekea duara lililochorwa mwisho wa uwanja. Mchezaji huteleza nalo akiwa amechuchumaa mguu mmoja, kisha huliachia. Wawili hutangulia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi ili lifike mbali zaidi. Kepteni husimama upande wa pili na kuita. Timu ambayo jiwe lake liko karibu zaidi na kitovu cha duara ndiyo inayopata. Hakuna anayekimbia, na muda mwingi ukumbi mzima unangoja kitu kinachokwenda polepole.

Aliyetufikisha huko ni kepteni wetu, Jebet Chelang'a, muuguzi wa wodi ya kusafisha figo. Alifika Doha mwaka 2011. Ijumaa moja ya Julai alitoka zamu asubuhi akaingia kwenye jengo la maduka apate ubaridi tu kabla ya kurudi chumbani. Huko ndani akawakuta wazee wanne wa kizungu wakitelezesha mawe kwenye uwanja wa barafu. Alisimama nyuma ya kioo saa mbili nzima na sare yake ya kazi. Alitusimulia baadaye kwamba harufu ya ile barafu ilimrudisha Kericho, kwenye shamba la chai la baba yake, asubuhi zile sakitu inapolala nyeupe juu ya majani na kuyaunguza. Kwa baba ilikuwa hasara. Yeye, mtoto wa miaka sita, alikuwa anatoka pekupeku kwa siri kwenda kuikanyaga kabla jua halijaipata.

Wiki iliyofuata mzee mmoja hakutokea. Jebet akapewa brashi.

Alicheza nao miaka mitatu, yeye pekee mwenye asili ya kwetu, mpaka wazee wale wakamaliza mikataba na kuondoka mmoja mmoja. Ndipo alipoanza kututafuta. Wa kwanza alikuwa Husna Makame wa Unguja, msafisha vyumba katika hoteli ya The Pearl, aliyekuwa akiishi jengo moja naye katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Walikutana kwenye lifti. Jebet akamuuliza, "Wewe, unajua kufagia?"

Husna alidhani anatafutiwa kibarua. Akamjibu, "Nafagia vyumba kumi na sita kwa siku, dada. Chako kitakuwa cha kumi na saba."

Ijumaa ile Husna, ambaye barafu aliyoijua ni ile ya kuuza kwenye vifuko, alisimama pembeni ya uwanja akaogopa kuikanyaga asije akaivunja. Jebet alimshika mkono wakavuka pamoja. Anasema mpaka leo akifunga macho anaisikia ile baridi ikimpanda miguuni, kama mtu anayeingia majini bila kulowa.

TULIYOYAPATA

Msimu wa kwanza hatukushinda hata mchezo mmoja. Wa pili pia. Msimu wa tatu tulishinda mmoja tukalia mpaka mwamuzi akatuletea maji.

Mwaka 2019 tulifika fainali. Mgeni rasmi, wewe unaukumbuka mchezo ule kuliko wengi waliopo hapa, kwa sababu ndiwe uliyekuwa kepteni wa upande wa pili. Jiwe la mwisho lilikuwa letu. Jebet mwenyewe alikuwa ametoka duarani kwenye nafasi yake ya kuita, akawa akisugua mbele yake, nalo linakwenda vizuri, lote limetulia. Likaingia katikati ya duara likasimama, na sisi tukakumbatiana. Tayari mlikuwa mmeanza kuvua glovu mje kutupa mkono.

Jebet alibaki ameinama. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Nimeligusa na brashi. Mimi."

Hakuna aliyekuwa ameona. Mwamuzi hakuona. Husna, aliyekuwa hatua moja kutoka kwake, hakuona. Lakini mchezo wetu una sheria kwamba aliyegusa jiwe linalokwenda hujitaja mwenyewe, na jiwe huondolewa. Aliliinamia akaliondoa kwa mkono wake. Kombe likaenda kwenu.

Tunalitaja hili bila kinyongo, Mungu shahidi. Wengine wetu tulinuna wiki nzima. Yeye alikuja mazoezini Ijumaa iliyofuata, wa kwanza kama kawaida, na alipoulizwa kama anajuta alisema kwamba lile kombe lingekaa nyumbani kwake kama mgeni asiyesema jina lake. Hatukumuuliza tena.

Mwaka 2022 tulilichukua kombe. Mwaka uliofuata tulialikwa mashindano ya mji mmoja wa milimani huko Uturuki, tukawa wa sita kati ya timu tisa. Asubuhi ya pili tuliamka theluji ikianguka. Tulitoka sote nje na kanga juu ya makoti, tukasimama barabarani viganja vimefunguliwa. Magari yalitusubiri. Ni dakika chache, lakini wapo kati yetu wanaozihesabu dakika hizo miongoni mwa mambo waliyoyafanya duniani.

YANAYOTUSIBU

Mgeni rasmi, mwezi Februari goti la kushoto la kepteni lilikataa. Ni goti analolichuchumalia kila anapoachia jiwe, miaka kumi na kitu, na baada ya hapo zamu ya muda wa saa kumi na mbili amesimama. Daktari amemwambia goti hilo lisikunjwe tena na kubebeshwa mwili wote. Ana miaka arobaini na sita.

Sisi ni kumi na mmoja, lakini kwa zamu zetu za hoteli, hospitali na majumbani, wanaoweza kuwa huru pamoja Ijumaa asubuhi ni wanne tu, yeye akiwa mmojawapo. Tumebaki watatu. Na kanuni ya ligi inasema timu isiyotimiza wanne msimu unapoanza Septemba hufutwa, na nafasi yake hupewa timu inayongoja. Tunajua zinazongoja ni tano. Hatusemi kanuni ni mbaya. Nasi tuliingia kwa kanuni hiyo hiyo.

OMBI LETU

Jumanne ya wiki iliyopita tuliandika hapa ombi jingine. Tuliomba kepteni aruhusiwe kusukuma jiwe kwa fimbo, akiwa amesimama, kama wanavyoruhusiwa wachezaji wa viti vya magurudumu. Tulimpelekea risala aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu, akalifuta lile ombi mstari kwa mstari. Akasema, "Fimbo waachieni wanaoihitaji. Mimi nina mguu mwingine."

Hatukuelewa. Ndipo Husna akatueleza jambo alilokuwa amekatazwa kulisema. Tangu Aprili, kila Ijumaa, kabla hatujafika, Jebet anajifunza upya kwa mkono wa kushoto, ili achuchumae mguu wa kulia. Kila kitu kimegeuka. Ameanza kama mtu asiyewahi kuliona jiwe. Anaanguka ubavu, anaanguka kifudifudi. Mara moja jiwe lilimkimbia likaingia uwanja wa jirani, akaenda kuomba radhi kwa watoto waliokuwa wakicheza huko.

Ijumaa iliyopita tulikwenda mapema sote, hata wanaotoka zamu na wanaoingia. Hatukumwambia. Tulisimama nyuma ya kioo. Alifuta goti lake barafu, akaweka jiwe upande usio wake, akateleza. Alitetemeka, lakini hakuanguka. Akaliachia. Lilikwenda polepole sana, polepole mno, tukadhani limekwisha, nalo likawa bado linakwenda. Likagusa ukingo wa duara likasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa.

Kisha akageuka akatuona. Hakukasirika. Alisema tu, "Halijafika katikati. Nipeni msimu mmoja."

Mgeni rasmi, msimu huo sisi hatuna wa kumpa. Uko mikononi mwa kamati yako. Tunaomba nafasi ya Sakitu ishikwe mpaka Septemba ya mwakani, na kama kamati itaona haiwezekani, tunaomba umwambie wewe mwenyewe, maana sisi hatutaweza.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na utulivu, awalinde watu wako wa hapa na wa nyumbani, na akujalie siku nyingi zenye ubaridi.

Ni sisi,
Kinamama wa Timu ya Sakitu, Doha,
pamoja na kepteni wetu, ambaye amekataa kukaa meza kuu na yuko mstari wa nyuma, karibu na mlango.