Springi ya Bastola ya Mwinshehe

Nje ya gereji ya pikipiki ya Gharib, pale Ujiji barabara inapoanza kushuka ziwani, kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, na watu ni walewale kila siku baada ya alasiri. Gharib mwenyewe wanamwita Shokapu, kwa sababu kwake kila ugonjwa wa pikipiki unaanzia kwenye shokapu. Oswald ni Afande. Alikuwa jeshini kweli, ingawa muda mwingi aliumalizia jikoni. Ramadhani, muuza dawa za mitishamba, ni Dokta. Bariki hupita na birika lake la kahawa na sahani ya kashata. Siku hiyo Mwinshehe, muuza mawese, mtu mpole ambaye huja zaidi kusikiliza kuliko kusema, alipokea kikombe, akakishika bila kunywa, akatoa swali lililokuwa limemkaa kifuani tangu Ijumaa.

— Hivi magazini ya bastola ikikaa na risasi miaka na miaka, springi yake inachoka?

Bastola yake haikuwa siri. Aliiombea kibali baada ya wezi kuvunja duka la jirani yake, na tangu hapo magazini ilikaa imejaa, kwenye droo ya kando ya kitanda.

— Inachoka, tena sana, alisema Shokapu. Chukua pikipiki, ipakie magunia ya dagaa, iache imesimama nayo mwaka mzima. Siku ukishusha mzigo, shokapu hainyanyuki. Kimeo.

— Pikipiki na bastola wapi na wapi, alisema Afande. Springi haichoki kwa kukaa imebanwa. Inachoka kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kila siku.

— Hayo uliyaona wapi, kwenye sufuria? aliuliza Shokapu.

— Wapishi nao tulikuwa na silaha. Adui akija haulizi nani anapika.

Dokta alimeza kahawa yake taratibu, kama mtu anayesubiri wajinga wamalize.

— Nyote mmekosea. Tatizo ni hewa ya ziwa. Inaingia kwenye chuma kama inavyoingia kwenye magoti. Wateja wangu nusu ni magoti.

— Kwa hiyo bastola ina baridi yabisi? aliuliza Afande.

— Chuma nacho kinaugua. Mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni.

— Unaikanda bastola?

— Unaikanda, na unaifunika.

Bariki alicheka, akaongeza kahawa. Mwinshehe hakucheka. Kila jibu alilipima. Kama springi ilichoka, basi lilikuwa jambo la chuma tu. Angenunua nyingine na mambo yangeisha. Kama springi haichoki, basi hakujua lililotokea nyumbani kwake aliite nini.

— Ngoja niwaambie, alisema Shokapu, ambaye hakupenda kushindwa nje ya gereji yake. Chuma kina mazoea. Ukikilaza miaka, kinazoea kulala. Ndiyo maana pikipiki ya mtu mvivu haiwaki asubuhi.

— Haiwaki kwa sababu hana hela ya mafuta, alisema Afande.

— Na risasi je? Dokta aliingilia. Zimekaa pamoja, giza moja, joto moja. Zinashikana undugu. Ya juu haitaki kuziacha za chini. Wewe unavuta, yenyewe imegoma.

— Sasa umetoka kwenye dawa umeingia kwenye ndoa, alisema Shokapu.

Wakati huo pikipiki ilisukumwa hadi gerejini, tairi ya nyuma imelala. Abiria wake, Rozalia, mama wa makamo anayeuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga, aliwasalimia wote, akaomba kukaa hadi tairi izibwe. Wazazi wake walitoka ng'ambo, Kongo, na Kiswahili chake bado kilikuwa na mwendo wa kule. Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Mwinshehe.

— Samahani, baba. Wewe umejuaje kama imechoka?

Hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Wote walimwangalia Mwinshehe, naye aliangalia kikombe.

— Risasi haikutoka, alisema.

— Ulikuwa unaijaribu? aliuliza Afande.

— Hapana. Ijumaa alfajiri nilisikia mtu ameruka ukuta. Nikachukua bastola, nikaikoki, nikasimama ukumbini. Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikaona mtu, nikafyatua. Ikalia ta, basi. Risasi ilikuwa haijapanda kutoka kwenye magazini.

— Mwizi akakimbia?

— Hakuwa mwizi. Akaniambia, shikamoo kaka.

Walimjua Luqman, mdogo wake, fundi cherehani wa Kasulu. Alikuwa amepanda gari la usiku, akaruka ukuta ili asiwaamshe watoto. Kulikuwa na giza na hakuona kitu mkononi mwa kaka yake. Alivua viatu, akaomba chai. Asia, mke wa Mwinshehe, aliona yote akiwa mlango wa chumbani, hatua moja nyuma yake. Aliwasha jiko, akachemsha chai, na tangu siku hiyo hakuwa amemsemesha mumewe zaidi ya salamu.

— Luqman anajua? aliuliza Afande, kwa sauti ya chini.

— Hajui. Bado yuko nyumbani. Kesho anarudi.

— Usimwambie, alisema Shokapu. Yameshapita.

— Amwambie, alisema Dokta. Kitu kama hicho kikikaa ndani kinakuwa ugonjwa.

Rozalia alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake.

— Ingekuwa ninyi ndio huyo mdogo mtu, mngependa kuambiwa?

Shokapu aliinuka akaenda kuziba tairi. Afande alijikuna kidevu. Dokta, mwenye dawa ya kila kitu, alichukua kashata akaigeuza geuza bila kuila. Bariki alisubiri kidogo, akaona hakuna anayehitaji kahawa, akaondoka na birika lake.

Kesho yake asubuhi Mwinshehe na Asia walipeleka bastola polisi, wakaikabidhi pamoja na risasi zake zote. Njiani kurudi Asia alimuuliza chakula cha mchana wapike nini, na hilo lilimtosha. Mchana Mwinshehe alipanda gari moja na Luqman, akasema atamsindikiza kidogo. Luqman alishangaa, maana kaka yake hakuwa mtu wa kusindikiza. Walizungumzia cherehani, bei ya vitambaa, watoto. Gari liliposimama kituo cha Kidahwe, Mwinshehe alikuwa bado hajamwambia ya Ijumaa.

— Shuka sasa, kaka, utapotelea Kasulu, alisema Luqman akicheka.

Mwinshehe alimshika mkono, akaushikilia muda mrefu hadi kondakta akapiga bodi. Kisha akashuka.