Mwalimu Vali na Ngoma Yake ya Moyo

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye kwetu alikuwa shangazi na shuleni wanafunzi walimwita Mwalimu Vali, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1978, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, na alipofika miaka saba homa ya viungo ilimwachia moyo wenye vali inayovuja, yaani mlango mdogo usiofunga sawasawa, damu ikawa inarudi ilikotoka.

Alimaliza sekondari mwaka 1997, akahitimu ualimu wa baiolojia mwaka 2000, akaolewa na fundi umeme tarehe 12 Julai 2003, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2021 wakamchukua wa tatu, mpwa aliyeachishwa shule kidato cha pili ili amuuguze mama yake, naye ndiye aliyeandika historia hii.

Mwaka 2022 darasa zima lilifeli swali la mzunguko wa damu, naye badala ya kushika fimbo alisukuma madawati ukutani, akachora kwa chaki vyumba vinne vya moyo sakafuni, akawapa wanafunzi vitambaa vya buluu, wakaingia kulia wakicheza ngoma, wakazunguka mapafuni, wakarudi kushoto na vyekundu, na mpwa, aliyekuja naye kwa kuwa hakuwa na darasa lake, akapewa kazi ya kusimama kwenye mlango kati ya vyumba kama vali, akipiga mguu chini kila mtu alipotaka kurudi nyuma.

Mwaka jana ofisa wa sherehe aliichukua ngoma hiyo, akaandika jina lake mwenyewe kwenye ratiba, akaamuru wekundu watangulie kwa sababu wanapendeza kwenye kamera, damu ikaenda kinyumenyume mbele ya wageni. Marehemu alimfuata ofisini, akamwambia, "Mheshimiwa, hiyo si ngoma tena, huo ni ugonjwa wangu," naye akacheka, "Mwalimu, kwani nani atajua?"

Sisi tunajua.

Alilazwa tarehe 3 Februari 2025, akafariki tarehe 21, saa nne asubuhi, na siku zote hizo hakuuliza habari za dawa, aliuliza kama ngoma imerekebishwa. Haikurekebishwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walimu wenzake, isipokuwa waliopiga makofi siku ile huku wakijua. Ofisa naye tunamshukuru kwa shada lake, liko pale getini, anaweza kuondoka nalo.

Kabla jeneza halijafungwa, wanafunzi wataicheza ngoma hiyo hapa, wa buluu kwanza, kwa jina la marehemu.

Pumzika kwa amani, Shangazi, mlango ameushika mwanao wa tatu.